Kitambaa Nilichokitundika Kibichi

Papa wangu mpendwa,

Mwezi wa tisa umerudi Likasi na upepo wake, nami nimeanza tena kuiona ile ndege. Naosha vyombo, nachambua majani ya sombe, yenyewe inashuka tu, polepole, bila sauti, jua limekaa juu ya mabawa.

Ulikuwa mlinzi wa uwanja mdogo wa ndege, mimi binti yako wa miaka kumi na mitano, mwenye haraka na kila kitu. Kila msimu wa vumbi ulikishusha mlingotini kile kitambaa kirefu, chekundu na cheupe, kinachomwonyesha rubani upepo unakoelekea, ukaniletea nikifue. "Ikauke kwanza, mwana," ulisema. Ulipenda kinukie sabuni, utafikiri marubani wangekinusa! Lakini siku ile kwaya ilikuwa inaningoja. Nilikitundika mlingotini kibichi nikaenda zangu, wewe ukiwa mbali unafukuza mbuzi uwanjani.

Nilifika barabarani, nikasikia ndege, nikageuka. Kitambaa kilining'inia kizito kama suruali kwenye kamba. Rubani alikiona akadhani hewa imetulia. Upepo ukampiga ubavuni, bawa moja likagusa ardhi taratibu, vumbi jekundu likafunika kila kitu. Ulimtoa akiwa hai, mguu umevunjika.

"Ni miye niliitundika mbichi, na mayi yake, chef," ulimwambia mkubwa wako. Nilipofungua kinywa ulinibana mkono. "Nyamaza. Weye ungali mutoto." Ukafukuzwa kazi. Watu wakasema ulikuwa umelewa, wewe ambaye nusu chupa ya bia ilikulaza kwenye kiti! Nami nikanyamaza hadi tulipokuzika, na hata baadaye. Naona aibu, Papa.

Jana nilikwenda mtaa wa Kikula, kwa yule rubani. Amezeeka, anauza vipuri vya baiskeli, anatembea kwa fimbo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama ningekaa, nisingeweza kusema. Alizungusha mnyororo wa baiskeli mkononi. Nilingoja matusi.

"Miaka yote nilikuwa namwita mulevi," alisema. Kisha akafunga duka, asubuhi ile ile, wateja wakitazama. "Kaburi yake iko wapi? Unipeleke."

Tulikuja, Papa. Alivua kofia, akakuomba msamaha kwa sauti, akikutaja kwa jina lako lote. Mimi nilimshikia fimbo tu, msamaha wangu sikuuomba. Ndiyo maana nakuandikia leo: unisamehe na mimi.

Pumzika.

Binti yako mkubwa