Chumba cha Nottingham

Jumatatu, 3 Februari

Karakana mpaka saa kumi. Mashine tatu za kupumulia zimerudi kutoka wodini. Mbili zina vali zilizoziba. Ya tatu haina ubaya wowote, muuguzi aliiogopa tu.

Bosi amethibitisha. Derby, Uingereza, miezi minane, kuanzia mwisho wa Machi. Niwafunze mafundi wa hospitali huko mashine mpya. Mke wangu Nduku na binti yetu Mumbua watabaki hapa Missouri City, Texas, mmoja ana kazi na mwingine ana shule.

Kampuni imenipa orodha ya fleti nne, mbili ziko karibu kabisa na stesheni ya Derby. Nilimwonyesha Nduku tukila. Hakuziangalia. Akasema Nottingham ni pazuri zaidi.

Nottingham? Nduku hajawahi kukanyaga Uingereza. Ninayemjua mimi kule ni mmoja tu, alikuwa Bristol, na hatuongei.

Alhamisi, 6 Februari

Nottingham tena. Safari hii ni Anti Ruth, dadake marehemu baba, anayekaa Arlington kule Dallas. Alinipigia nikiwa kwenye msongamano wa Highway 6. Amesikia nahamia Uingereza. Kuna chumba. Nyumba ya Mkenya, safi, ina bustani ndogo nyuma, na treni ya Derby ni nusu saa.

Nikauliza mwenye nyumba anaitwa nani. Mtu wetu wa kanisa, akasema. Nikauliza tena, mwanamke au mwanamume?

"Kioko, unatafuta chumba ama unatafuta mchumba?"

Akacheka, akakata simu.

Anti Ruth hupiga simu Krismasi na wakati wa msiba. Hii ni Februari na hakuna aliyekufa.

Jumapili, 9 Februari

Picha zimefika. Zimetoka kwa Anti, si kwa mwenye nyumba. Kitanda. Kabati. Dirisha. Ukuta mweupe. Hakuna mtu, hakuna jina, hakuna hata bahasha mezani yenye anwani. Hivi ndivyo matapeli wa nyumba wanavyofanya. Picha nzuri, mwenyewe hapatikani, halafu unafika na masanduku yako unakuta familia nyingine imekaa inakunywa chai.

Nikaomba simu ya video. Jibu: mwenye nyumba ni mtu wa shifti, itakuwa ngumu. Nikaomba nambari yake. Jibu: pitia kwangu tu, mwanangu.

Nikamwambia Nduku huu ni utapeli.

"Anti Ruth akutapeli wewe?"

Halafu akainuka akaenda kupiga pasi sare yake ya kazi. Ilikuwa imeshapigwa pasi. Niliiona asubuhi ikining'inia.

Jumanne, 11 Februari

Nimemtega huyo mwenye nyumba. Nilimwambia Anti nataka picha ya jikoni, na karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo ikiwa mezani. Nilidhani atapotea. Picha imekuja kabla sijamaliza chakula cha mchana. KIOKO, kwa herufi kubwa. Tarehe ni ya leo.

Kwa hiyo nyumba ipo na kuna mtu ndani yake.

Niliikuza picha. Kwenye jiko kuna sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, yale tuliyolelewa nayo Ukambani. Si chakula cha kupika haraka. Mtu huyo ni wa kwetu, na bado hataki nimwone uso.

Simpendi.

Ijumaa, 14 Februari

Niliendesha hadi mji wa Katy kumwona Otieno. Saa nzima na zaidi kwenye barabara, lakini yeye ndiye rafiki pekee niliye naye aliyewahi kufanya kazi Uingereza. Anasema fleti za karibu na stesheni ni ndogo ila hazina matata. Utatembea kwenda kazini. Kwa nini upande treni kila siku, kwenye baridi ile, na huna sababu?

Nikamweleza habari ya Nduku na Nottingham. Akaacha kucheka.

"Boss, bibi akikuchagulia nyumba kwa nchi hajawahi kwenda, kuna mtu amemwambia."

Nani? Hakujua. Mimi pia sijui.

Niliporudi, Nduku alikuwa ameketi ndani ya gari lake gereji, mlango umefungwa, simu sikioni. Aliponiona akaikata. Macho mekundu. Akasema mambo ya kazini. Nilikuwa nimemletea maua. Nikayaacha kwenye sinki.

Jumatatu, 17 Februari

Miaka kumi na minne ya ndoa na sijawahi kushika simu ya Nduku. Leo nimeishika. Alikuwa akioga. Imefungwa kwa namba ambayo siijui. Zamani ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya Mumbua.

Ikamulika mkononi mwangu. Ujumbe kutoka kwa Anti Ruth, mstari mmoja: Bado hajashuku?

Nikairudisha mahali pake. Naona aibu. Naona hasira pia, na hasira ni kubwa kuliko aibu.

Naanza kufikiri hivi: anataka niende. Anataka niende mbali, kwa nyumba ya mtu wao, niwe naangaliwa, na yeye abaki hapa na huyo anayemliza garini. Na Anti anawafichia. Sijui kama naandika upuuzi. Kifua kinaniambia si upuuzi.

Jumatano, 19 Februari

Nimefanya jambo baya. Nilimuuliza mtoto.

Nilikuwa nampeleka Mumbua kwenye mazoezi ya kuogelea. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, mama huongea na nani kule gereji. Mimi humwongelesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, ndivyo tulivyo.

"Some uncle," akasema, bila kuinua macho. "He sounds just like you, Dad."

Nilipita kona yetu. Nikajikuta Stafford, mji wa jirani, kwenye maegesho ya duka la vyakula vya Kihindi, injini inanguruma, mtoto anauliza tumekuja kununua nini.

Hakuna mwanamume mwingine mwenye sauti yangu. Yuko mmoja. Hata mama alikuwa akituchanganya kwenye simu. Musyoka, ndugu yangu.

Niandike hapa kwa sababu sijawahi kuandika popote. Miaka tisa iliyopita baba alipata kiharusi akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, Nairobi. Nilipiga simu nikasema mnisubiri, nakuja. Musyoka ni muuguzi, alitoka Bristol akafika kabla yangu. Akaweka sahihi mashine izimwe. Waliizima nikiwa njiani. Mimi nilimkuta baba mochari. Kwenye mazishi sikumpa Musyoka mkono, na sijaongea naye tangu siku hiyo.

Mimi ndiye fundi wa mashine hizo. Kila siku nashika mashine kama ile aliyoizima.

Huyo mtu wa shifti kule Nottingham ni yeye, na mke wangu anataka nikalale kwake.

Jumamosi, 22 Februari

Arlington. Nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikakamata barabara ya I-45, sikusimama ila kwa mafuta. Sikumwambia Nduku niendako. Bila shaka alijua, kwa sababu Anti Ruth alifungua mlango kabla sijabisha, na chai ilikuwa mezani.

Sikuketi. Nikamuuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kunipangia maisha.

"Kioko, baba yako alikuwa ameshaenda. Ile mashine ndiyo ilikuwa inapumua."

Nikamwambia hilo nalijua kuliko yeye. Sijawahi kusema baba angepona. Nasema hakunisubiri. Siku moja tu. Angenisubiri siku moja.

Akafunika chai yangu kwa kisahani. Halafu akasema si Musyoka aliyekataa kusubiri. Musyoka alitaka kusubiri. Mama ndiye aliyemwambia aweke sahihi, na akamwambia usimwambie ndugu yako kuwa ni mimi.

"Na akakaa kimya miaka tisa?"

"Ulimpa nafasi gani ya kusema?"

Sikuamini. Siamini sasa ninapoandika. Ni rahisi kumtupia mama mzigo akiwa Machakos na mimi nikiwa Texas. Watu hawa wamenidanganya karibu wiki tatu kuhusu chumba. Watashindwa nini kunidanganya kuhusu hili?

Sikunywa chai yake. Njia yote ya kurudi, redio imezimwa.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda kanisani. Nilimpigia mama, nikahesabu saa nisimkute amelala. Sikuzunguka. Nilimuuliza kama ni yeye.

Kisha nikasikia kuku nyuma yake.

"Nilichoka kumwona akipuliziwa hewa kama mpira, mwanangu. Na niliogopa ukija. Wewe unajua kuzitengeneza. Ungekaa na ile mashine hata mwezi."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alikuwa na wana wawili, na akaona yule mkubwa ndiye angeweza kubeba hasira yangu. Akasema alikosea. Akaniuliza nimekula.

Mama amesema kweli kunihusu. Ningekaa. Ningewafukuza madaktari chumbani, ningebadilisha vichujio kwa mikono yangu, ningesema bado, bado.

Nimeketi uani tangu saa nane. Mumbua amekuja mara mbili kuuliza kama ni mgonjwa.

Alhamisi, 27 Februari

Tumeongea, Nduku na mimi. Nikamwambia nilichodhani kuhusu gereji. Uso wake ulibadilika, akatoka nje, akarudi. Akasema hilo atanidai siku nyingine, leo tumalize hili.

Alimtafuta Musyoka mwaka jana, baada ya mama kulazwa na mimi na ndugu yangu kupiga simu hospitali ileile, kila mmoja bila kujua ya mwenzake. Ndipo akajua amehama Bristol, yuko Nottingham, anaishi peke yake, watoto wako chuoni. Nilipoambiwa Derby, wakafungua ramani. Yeye, Anti, na Musyoka. Garini alikuwa akilia kwa sababu Musyoka alikuwa amebadili nia. Alisema nisidanganywe, niambiwe au niachwe.

Mbona basi sikuambiwa?

"Ungechukua fleti ya Derby, ukae miezi minane nusu saa kutoka kwake, urudi hujamwona."

Ni kweli. Nilimuuliza nini kingine wananificha. Akasema hakuna. Nimeamua kumwamini, lakini nilibaki nikimtazama kidogo.

Kampuni inataka jibu kesho. Nimekaa na orodha ya fleti mbele yangu jioni yote. Ile ya tatu ni nzuri. Ina dirisha kubwa. Hakuna mtu ndani yake wa kuniuliza chochote.

Nimewaandikia kwamba sihitaji fleti. Sijasamehe mtu. Nimechagua chumba, basi.

Kisha nikamwandikia Anti: mwambie mwenye nyumba anitumie nambari yake mwenyewe. Dakika chache tu, ujumbe ukaingia kutoka nambari ngeni. Karibu. M.

Sikujibu. Lakini nimeihifadhi.

Jumapili, 30 Machi

Nottingham. Nilifika Ijumaa. Musyoka ana mvi kichwa kizima, sikutegemea hivyo. Alinipa mkono, nikaushika. Jana tuliongea kuhusu pipa gani la taka hutolewa siku gani, na bomba la bafuni ambalo lazima ulizungushe kinyume. Anapika vizuri. Nilikuwa naangalia kila anachofanya, nikingoja kitu, sijui nini.

Leo mchana alisema anionyeshe njia ya treni ili kesho nisipotee. Nikafikiri ni kisingizio cha kunileta mahali pa kuongea. Nilikuwa tayari na maneno yangu. Tulitembea hadi stesheni. Akanionyesha jukwaa. Tukasimama kwenye baridi, mikono mifukoni, watu wawili wenye sauti moja.

Akauliza, akiangalia reli, "Siku ile ya baba, saa ile, ulikuwa umefika wapi?"

Nilisema Amsterdam. Nilikuwa nimekaa langoni nasubiri ndege ya pili. Nilikuwa nimenunua mkate nikashindwa kuula.

"Amsterdam," akasema. "Nimekuwa nikijiuliza."

Hakuomba msamaha. Sikuomba pia. Treni ya Derby ikaingia, milango ikafunguka. Nikapanda nijaribu njia ya kesho, naye akapanda, ingawa hakuwa na safari.