Dirisha la Pili, Masjala ya Mahakama

Shikamoo mama,

Binti yako ameniambia unatafuta mtu wa kuchimbua faili langu mahakamani kabla sijaolewa na mwanao Jumamosi. Usihangaike na watu, nenda mwenyewe.

Masjala iko nyuma ya jengo, dirisha la pili. Wahi asubuhi, maana karani akishaenda kunywa chai humpati tena. Mpe majina yangu matatu na mwaka nilioacha kazi ya udobi. Utasoma kwamba nilivunja mlango wa stoo ya bosi kwa pasi, nikaumia mkono, nikafungwa miezi sita. Ni kweli. Humo ndani alikuwa amemfungia mwenzangu mwenye homa, eti amalize mashuka kwanza. Hilo hawakuliandika. Hata leo ningeuvunja.

Mwanao alilisoma faili lote mwaka jana. Aliniuliza tu kama mkono ulipona.

Jambo moja, mama. Kwenye fomu ya maombi kuna mstari unaouliza huyu mtu ni nani kwako. Ukiuacha wazi, karani anakurudisha nyumbani. Andika "mkwe wangu", kwa mkono wako mwenyewe, na utie sahihi.

Ni mimi,
yule wa pasi