Mashine ya Msasa Aliyoichagua Baba

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku tunapumua na tunakula. Mama hajambo isipokuwa magoti, na mimi mdogo wako nimenenepa kidogo, usicheke. Habari za Baba ndizo zimenikalisha kuandika, kwa hiyo tafuta pa kukaa nawe, usome taratibu.

Uliuliza kama alinunua ile mashine ya kupiga msasa uliyomshauri. Alinunua mashine, ila siyo hiyo. Ushauri wako ulikuwa mzuri: mtu anayegusa mbao siku za mapumziko tu hana haja ya mashine ya mafundi wakubwa, atafute ya mviringo, ya bei ya wastani, yenye mfuko wa kukusanyia vumbi, ambayo msasa wake unabandika na kubandua bila kuhangaika. Tulikwenda naye dukani tukiwa na nia hiyo hiyo.

Hata hivyo mimi nilishangaa tangu mwanzo. Baba unamjua. Ni kinyozi wa maisha yake yote, na vigoda na meza anavitengeneza nyumbani kwa raha zake. Ni yeye aliyekuwa akisema ubao hupapaswa kwa kiganja kama kichwa cha mteja, na kwamba anayelainisha mbao kwa mashine ni sawa na anayembembeleza mtoto kwa ufagio. Leo anataka mashine! Alinieleza kwamba milango ya kabati la Mama imevimba na rangi inabanduka, na mabega yake si ya kijana tena. Nikaamini.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye penseli nyuma ya sikio, mkweli kuliko wauzaji wengi. Ile ya mkanda aliisukuma pembeni mara moja, akasema hiyo inakula ubao kama mchwa mwenye haraka, ni ya watu wa kazi ya kila siku. Akatuletea mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mviringo, kama ulivyosema. Alimpa Baba kipande cha ubao ajaribu. Ilinguruma kwa upole, ikateleza bila kuacha mikwaruzo, vumbi likaishia mfukoni. Baba akaizima upesi kama mtu aliyeungua. Ya pili ilikuwa ndogo, ya mraba, ya kushika kwa kiganja, na bei yake ilikuwa chini kidogo. Hiyo ilipowashwa, Kaka, ilitetema mpaka misumari ikacheza ndani ya kopo juu ya kaunta, na vumbi likatupaka nyusi sote watatu. Muuzaji mwenyewe alituambia inatia ganzi vidole, na kwa kuwa tofauti ya bei ni ndogo, mzee achukue ya mviringo.

Baba akasema, "Hii hii."

Nilimbishia mbele za watu, na hilo linaniuma hadi leo. Nilimwambia ubahili nao una mpaka, cha rahisi huishia kuwa ghali. Alilipa, akalikumbatia boksi lake, na njia nzima hakutoa neno.

Siku zilizofuata alikuwa uani na mashine yake kila alipopata nafasi. Mlango wa kwanza wa kabati ulitoka vizuri, ingawa ukiutazama kwenye mwanga unaona alama ndogo ndogo ambazo zamani asingezivumilia. Nikaanza kuona jambo jingine. Mtu akiingia uani, Baba anaiwasha. Hata kama alikuwa amekaa tu, hata kama ubao ulishalainika, anaiwasha na kuinama. Nilidhani bado ana kinyongo nami. Na kule kwenye kibanda chake cha kunyolea, wateja wakawa wanauliza mbona siku hizi hashiki wembe. Aliwajibu kwamba wembe umepitwa na wakati, sasa ni mashine ya umeme tu.

Halafu mchana mmoja nilikuwa nampelekea chai. Alikuwa ameuinamia mlango wa pili, mashine inanguruma. Umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, lakini mkono wake ukaendelea. Uliigonga gonga ile mashine juu ya ubao, tak tak tak, na yeye anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Nilidhani ananitania.

"Baba, umeme umekatika."

"Najua, mwanangu. Mashine imezima. Mimi ndiye sina swichi."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Akanieleza yote bila kunitazama. Mkono wa kulia umeanza kutetemeka tangu mwaka jana, kwanza kidole gumba, kisha kiganja kizima. Msasa wa mkono ulianza kumponyoka. Pale dukani, alipoishika mashine ya mviringo, ilitulia mno, na mtetemo uliobaki ulikuwa wake peke yake. Aliogopa kwamba mimi na muuzaji tumeshauona. Ile ndogo ilitetema kumzidi. Akasema ukiwa umeshika kitu kinachotikisika, hakuna anayeuliza nani anamtikisa mwenzake. Akaniambia pia kwamba alimkata yule mwenye stoo, mteja wake wa miaka yote, chini ya sikio. Yule bwana alisema si kitu, akacheka, lakini hajarudi. Kisha Baba akaniapisha nisimwambie Mama, na wewe hasa, kwa sababu utaacha kazi uje.

Niliapa. Ila siri ya kukaa nayo peke yangu ilinishinda, na usiku huo wote moyo uliniwaka. Asubuhi nikaanza kumzungukazunguka Mama jikoni, namuuliza hili na lile, mpaka akaweka kisu chini. Alisema, "Mwanangu, mkono huo nalala nao. Unadhani sijui?" Anajua tangu mwanzo. Kikombe cha Baba anakijaza nusu ili kisimwagike, na akilalamika anamwambia majani ya chai yamepungua. Anasubiri mumewe amwambie mwenyewe. Ndivyo tunavyoishi humu ndani sasa, kila mmoja anamficha mwenzake kitu ambacho wote tunakijua.

Nilimsihi Baba twende hospitali. Hakukataa, ila alitoa sharti, na hapo ndipo unapoingia wewe. Uliandika kwamba mwezi ujao unakuja, na kwamba ndevu hizo hakuna atakayezigusa ila Baba. Ulitania tu, najua. Yeye hakulichukua kama utani. Amesema atakwenda kwa daktari baada ya kukunyoa, kwa wembe, kabla mkono wake haujapewa jina la ugonjwa. Tangu hapo anafanya mazoezi. Anajaza puto upepo, analipaka sabuni, analinyoa. Wiki nzima tulisikia yakipasuka nyuma ya nyumba, na Mama kila likipasuka anafumba macho.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Wembe wake ule wa kukunja niliuchukua mimi. Niliona ukimteleza karibu na kifundo cha mkono wa kushoto, nikaingiwa na hofu, nikasubiri autue. Jana aliutafuta kutwa. Alipekua kabati, akapekua kibanda, akageuza magodoro. Mwishowe akakaa kitandani, akasema kwa sauti ndogo, "Sasa na akili nayo inaondoka." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, Kaka, na wembe uko mfukoni mwangu. Niliogopa kwamba nikiurudisha atajikata, au atakukata wewe.

Umo ndani ya kifurushi hiki, nimeufunga kwa kitambaa cha kijani. Cha kufanya siwezi kukuamulia. Shingo ni yako na baba ni wetu sote. Ukija umeshanyolewa, sitakulaumu. Ukija na ndevu zako na wembe mkononi, nitachemsha maji na kukaa karibu. Ila ukiweza, wahi.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Baba hajui kwamba nakuandikia, lakini kila siku anauliza kama umeandika, kwa hiyo zipokee salamu zake ingawa hakunituma. Nikishaiposti barua hii naenda kumwambia kwamba wembe haukupotea, niliuchukua mimi. Akasirike anavyotaka. Akili yake ni nzima, na hilo hawezi kulala tena usiku wa leo bila kulijua.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba