Ni Mishipa, Si Mke Wangu

Nyumba ya bluu,
Nyuma ya karakana ya matairi.
9 Machi

Mpendwa Kaka Mwenyekiti,

Shikamoo. Habari za huko na baridi yake? Mgongo umeacha kukusumbua? Na wanangu, hawajambo wote? Sisi huku tu wazima, ila mimi ni mzima wa kupimwa, si wa kudhania, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Simu nimeiacha makusudi. Ungeikata.

Nimesimuliwa vizuri kile kikao cha familia mlichokaa mimi nikiwa kazini, juu ya ngazi, napaka rangi dari. Nimeambiwa simu iliwekwa ndani ya bilauri ili sauti yako iwafikie mpaka walioketi mlangoni, na humo ndani ya bilauri ndimo ilimotoka hukumu: mdogo wenu ameishiwa nguvu za kiume kwa sababu mkewe amemfunga, basi mke arudishwe kwao. Baba mdogo Redio akaitikia, kama anavyoitikia kila kitu, akambebea mke wangu na cherehani yake mpaka kituo cha basi. Niliporudi jioni, mahali pa cherehani pamebaki vumbi tu.

Kaka, wewe ndiye uliyenilea baba alipofariki, na mbele yako sijawahi kuinua sauti. Lakini kwa hili mlikosea, na silimung'unyi neno.

Unajua ni nani aliyekuwa akinisihi niende hospitali tangu mwaka jana? Huyohuyo mliyemfukuza. Alishaniona napanda ngazi nasimama katikati, nakanda mashavu ya miguu kwa maumivu. Mimi nikawa namwambia ni uzee umepiga hodi. Nilipompigia simu kwao kumbembeleza, hakutaka maneno mengi. Alisema, "Nenda kapimwe kwanza. Ukishajua unaumwa nini, njoo tuzungumze."

Nikaenda. Karani wa mapokezi aliniuliza tatizo langu kwa kunong'ona, nami nikamjibu kwa sauti yangu ya kawaida kwamba jogoo hawiki. Benchi zima likageuka. Waache wageuke, wengine walikuwa na sura ya kutaka kuuliza foleni inaanzia wapi.

Daktari ni mwanamke, umri wa binti yako mkubwa. Hakucheka wala hakuona haya. Aliuliza kama lilianza ghafla au polepole, na kama hata alfajiri nikiamka hakuna dalili. Akauliza habari za sigara, akauliza habari za miguu. Alinipima presha mkononi, kisha akanipima na kwenye kifundo cha mguu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na ya mguuni ikawa chini kuliko ya mkononi. Nikatolewa damu waangalie sukari na mafuta. Siku nyingine nikalazwa kwenye chumba chenye pazia, nikachomwa sindano ndogo hapohapo penyewe (ndiyo, Kaka, hapohapo, na bado niko hai), nikapakwa kitu cha baridi, wakapitisha kifaa cha picha. Kwenye skrini unaiona damu inavyopita. Yangu ilikuwa inajikokota. Mishipa inayoipeleka huko imebana.

Kwa hiyo ni kweli nimefungwa, ila na mafuta na moshi wa sigara.

Kisha akanieleza la kutisha zaidi. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo mara nyingi ndiyo inayotangulia kugoma, na moyo unafuata nyuma. Akaniuliza baba yetu alikufaje. Nikamwambia alianguka kazini mchana kweupe, hana hata homa. Daktari akaweka kalamu chini. Nikapelekwa kupimwa moyo nikitembea juu ya mkanda wa mashine unaozunguka, na dalili za ugonjwa wa moyo wameziona mapema. Namshukuru Mungu, na namshukuru mke wangu, ambaye ninyi mlimpandisha basi.

Sasa nameza dawa, sigara nimeitupa, natembea kila asubuhi mpaka mbwa wa mtaani wamenizoea. Sijapona, wala sitakudanganya. Kuna siku mambo yanakubali, kuna siku yanakataa. Lakini aibu sina. Majibu niliyasoma mbele ya baba mdogo Redio, nikamwomba ayatangaze kama alivyotangaza yale ya kwanza. Safari hii alitafuta viatu vyake, akaaga.

Shemeji yako nilimfuata mwenyewe. Niliyasema yote mbele ya wazazi wake. Mama mkwe akatazama dirishani, baba mkwe akaanza kuniulizia hiyo hospitali iko wapi. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akafunga mizigo. Jumapili alirudi na cherehani yake. Hataki kikao wala zawadi. Anataka jina lake lisafishwe na aliyelichafua. Mpigie simu, walewale waliokuwepo wakisikia, umwambie kwamba ulimsingizia. Usipofanya hivyo, hakuna kikao kitakachokaa tena ndani ya nyumba hii, hata cha msiba wangu.

Na hata ukinikasirikia, kapimwe. Umri alioanguka nao baba ndio unaouingia mwaka huu, na sigara ni wewe uliyenifundisha. Sitaki ufe nikiwa bado nina hasira na wewe.

Nisalimie shemeji wa huko na watoto wote, hasa yule kitinda mimba wako mwenye maswali mengi. Mungu awafunike, na aulinde moyo wako huo mgumu.

Wako akupendaye hata anapokupinga,
Mdogo wako, Fundi Rangi

Nyongeza: Pale palipoandikwa "mpigie simu", nilikuwa nimetanguliza neno "tafadhali". Nimempa shemeji yako aisome barua kabla sijafunga bahasha. Amelikata hilo neno, akanirudishia kalamu, akaendelea kushona.