Kichwa cha Treni Kinachosubiri Mwiko

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika pamoja na betri. Huku Mkolani hatujambo. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume, na mbuzi wake ametafuna kamba yangu ya kuanikia nguo.

Umeuliza kama kile kichwa cha treni cha kuchezea kilicho mezani kinatembea. Hakitembei, na tatizo si betri.

Nilikinunua kwenye mitumba miaka ile ya tisini, baada ya kupunguzwa kazi ya udereva wa treni. Kilifanana kabisa na kichwa changu cha dizeli, ila hiki unakibeba kwa mkono mmoja. Nilikuwa nakizungusha kwenye reli zake kutwa nzima. Kukaa siwezi, kulala siwezi. Betri zikiisha, nachomoa za redio.

Siku moja bibi yako akalaza mwiko juu ya reli.

"Dereva, kibali cha stesheni masta kiko wapi?"

Kazini hatukuondoa treni kabla ya kukabidhiwa kibali mkononi. Akarudi na mwiko wake jikoni kusonga ugali, nami nikasubiri, nimetulia kwa mara ya kwanza tangu nipunguzwe kazi. Alipoleta chakula akanipa mwiko, bado una ugali.

"Haya, njia iko wazi."

Tangu hapo sikukiwasha bila mwiko wake.

Sasa bibi yako tumeshamzika. Nakaa, nainuka, nakifuta vumbi, nakaa tena. Betri zako nimeshaziweka. Mwiko umetundikwa jikoni, Neema. Likizo usichelewe, stesheni haina mtu.

Babu yako