Nyama Ambayo Hatukula

Cimpunda, Bukavu

Kwa mujukuu wangu Fanny, huko Kamanyola.

Asinge, maman, nakusalimu kwa lugha yetu. Miezi saba hujakanyaga mulango wangu. Nyanya za Kamanyola zinafika soko la Kadutu kila asubuhi, tena hazina miguu. Wewe mwenye miguu uko wapi?

U mujambo? Malaria ile ilikuacha? Unalala vizuri? Mimi niko. Mugongo unauma, mudomo hauumi. Anayeniandikia ni Papa Constantin, yule katekista, kwa kuwa shule mimi niliiona kwa nje tu. Anataka kulainisha maneno yangu, nimemukataza. Simu sitaki. Kwa simu unaniambia kila mara uko mu réunion, mukutano usioisha.

Sasa sikiliza. Baada ya Pasaka nilienda kituo cha afya kupima presha. Ukutani nikaona picha kubwa ya mwanamuke ameshika sahani. Muuguzi akaniambia ni Maman Eulalie wa Kamanyola, anayelisha wajukuu wake vizuri, na kwamba ni mutafiti Fanny aliyemupiga picha ili sisi wote tujifunze kwake. Akanisomea: maharagwe, mboga ya lengalenga, visamaki vya ndagala vya kusaga ndani ya uji. Ndagala za kusaga, Fanny! Mama yako alipofariki, wewe ukiwa na mwaka mumoja na meno manne, nani alikusagia ndagala? Ni huyo Eulalie? Nasikia unakula kwake kila Jumapili, na unamuita koko, kama mimi bibi yako. Presha waliyonipima siku ile, usiniulize.

Halafu ukamutuma Parfait, kijana wako wa kuuliza watu walikula nini jana, tangu kuamuka mpaka kulala. Alitaka kupita nyumba kwa nyumba. Nikakataa. Nikamwambia kwenye avenue hii mugeni anapokelewa kwa mukubwa, na mukubwa ni mimi. Nikaita akina mama wote, wakajaa kwenye ua wangu, na kama desturi nikajibu wa kwanza. Parfait akapanga bakuli zake za kupimia. Nikamuuliza Parfait: Eulalie yeye alijibu nini? Akasema hiyo ni siri ya kazi. Basi nikajua ni mengi.

Nikaanza. Asubuhi, chai ya maziwa na mayai. Saa sita, wali na nyama ya ng'ombe. Jioni, samaki sambaza za kukaanga na avoka juu yake. Kila mara nilimuonyesha bakuli kubwa. Na watu wetu unawajua: nani atasema mbele ya mugeni, baada ya muzee aliyekula nyama, kwamba yeye alilala na ugali wa foufou na chumvi? Jirani yangu Tatiana akasema nyama. Aliyemufuata akasema nyama na jibini. Siku ile avenue yetu ilichinja ng'ombe watatu bila kuwasha moto.

Mwezi uliofuata Parfait akarudi akicheka kwa furaha. Akatupongeza kwamba tunakula vizuri kuliko avenue zote za hapa, kwa hiyo unga wa soya wa watoto tuliokuwa tunagawiwa utapelekwa kwenye shida zaidi. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Papa Constantin, andika hili kama ninavyolisema. Fanny, hakukuwa na nyama. Ilikuwa siku ya nne ya foufou na majani ya sombe bila samaki. Nilidanganya kwa wivu. Niliogopa utasoma karatasi zako na kukuta koko wa Kamanyola amenishinda.

Sasa Gloire, mutoto wa Tatiana, wa miaka miwili, amevimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu. Ni bwaki, ugonjwa wa mutoto anayekosa chakula cha kujenga mwili. Wamemulaza, wanamupa maziwa ya dawa, na hawajatuambia kama atapona. Nilimupelekea mayai. Tatiana akayapokea kwa mikono miwili, kisha akaniambia, sauti yake chini kabisa: "Maman Françoise, wewe ulishiba maneno. Mutoto wangu akavimba miguu." Nilienda moja kwa moja kumutafuta Papa Constantin aniandikie.

Na kuna wengine wawili hapa ambao miguu inaanza kuvimba. Futa karatasi zetu zote. Waambie wakubwa wako kosa ni la nani, taja jina langu, usinifunike. Parfait usimugombeze, aliandika alichoambiwa. Huo unga urudi upesi.

Papa Constantin anakusalimu, mukono umemuchoka. Tatiana hakunituma salamu, nami sikumuomba. Musalimie huyo Eulalie, kidogo tu. Mungu akutunze, mutoto niliyemubeba mugongoni.

Ukija, usitume habari mbele. Njoo saa moto unawaka, ufunue sufuria wewe mwenyewe, nyumba kwa nyumba, uandike unachoona. Na usianzie kwangu. Anzia kwa Tatiana, ukae kwake kadiri utakavyohitaji. Mimi nitangoja.

Koko wako,
Françoise M'Mugisho