Silinda Moja Tu

Kamina, tarehe 9 Mai 1954

Mwadi bibi yangu,

Nakulamusha, na mama yako pia. Huku mvua ilikwisha. Nakula bukari peke yangu, nusu inabaki mu nyungu.

Kamyo ya misioni, ile inafikaka kwenu Mulongo, ilikuwa inatoa moshi mingi. Silinda moja tu njo ililika, ikaharibika. Baba Stanislas, mukubwa wetu wa garaji, alisema: "Tutengeneze hii moja. Siku ya posho kamyo inaenda, weye utapanda uone bibi yako."

Miye nikamujibu mbio mbio: "Hapana, Baba! Tufungue motere yote, tuanze mupya!"

Akacheka. "Zile ingine tatu iko muzima! Unataka kazi ya mwezi muzima? Kijana, unakimbia nini?"

Mwadi, tangu nilisikia mutoto wetu alikufa, sijafika kukuona. Naogopa kuingia mu ile nyumba na kukosa kusikia mutoto kulia.

Tulitengeneza ile silinda moja tu, na leo tulijaribu motere. Inaimba muzuri! Niligeuka nikuite usikie, weye hauko.

Siku ya posho nitapanda. Kama uko na kasirani, unitukane mbele ya bantu yote. Lakini unifungulie mulango.

Bwana yako,
Émile Kabamba